Mhariri Mwoga wa Redio Yetu

Mhariri wetu alikuwa anaogopa lifti. Hata jengo liwe refu vipi, yeye alipanda ngazi, mkoba kifuani, akipumzika kwenye kila kona, na sisi tuliopanda lifti tulimsubiri juu mpaka atokee akihema. Alikuwa anaogopa mbwa, radi, mitungi ya gesi, namba ngeni za simu, na wanaume wanaoegesha gari bila kushuka. Akiingia kwenye mgahawa pale Mtaa wa Msimbazi alichagua kwanza kiti kinachotazama mlango, kisha ndipo aulize kuna nini leo. Nimefanya naye kazi miaka mingi na sijapata kumjua mtu mwingine mwoga kiasi kile. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu baadaye wako waliomwita jasiri na wako waliomwita mchochezi, na sidhani kama yeyote kati yao aliwahi kukaa naye chumba kimoja umeme unapokatika.

Redio yetu ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la masufuria, Kariakoo, kwenye mtaa ambao mikokoteni haikauki. Ilikuwa redio ndogo. Matangazo yake yalifika Ilala upande huu na Buguruni upande ule, na mvua ikinyesha hata Buguruni yenyewe ilitupotea. Muziki wa maana hatukuwa nao. Tulikuwa na bei za sokoni asubuhi, mitaa isiyo na maji, barabara iliyofungwa, mzigo uliopotea, mtoto aliyepotea.

Watoto ndio waliotufanya tupendwe. Siku za kukaribia sikukuu, watu wanapojaa kununua nguo, haikupita muda kabla ya kuli au muuza maji kupanda ngazi akiwa amemshika mkono mtoto analia. Mhariri alimkalisha juu ya meza yake mwenyewe, akampa biskuti, akamuuliza taratibu mama amevaa nini, dada anaitwa nani. Kisha alikwenda hewani. Mpaka mama afike, Mhariri hakai. Anatembea, anachungulia dirishani, anamsumbua fundi mitambo arudie tangazo. Mama akifika na kumkumbatia mwanawe sisi tulipiga makofi, naye alijifungia chooni. Akitoka, macho mekundu, alisema, "Haya, kazini."

Hakuwa na sauti ya redio. Ilikuwa nyembamba, na mwanzoni mwa kila habari ilitetemeka kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi. Sisi vijana tulimcheka kichinichini. Lakini muuza kahawa wa chini yetu aliniambia siku moja, "Yule mama akisoma naacha kumimina. Namsikia anavyoogopa kukosea." Na kweli, kukosea ndiko alikokuogopa kuliko mbwa na radi vikiwekwa pamoja. Ukimletea habari alikuuliza kwanza, "Nani mwingine amesema?" Ukimtaja huyo mwingine, alikuuliza, "Na huyo ameona, au ameambiwa?"

Niliwahi kupanda zile ngazi mbio nikiwa na habari ya machinga aliyekufa kwenye purukushani za kuhamishwa meza. Mtaa mzima ulikuwa unalia. Kwenye makundi ya simu picha yake ilishazunguka, imewekewa maua.

"Umemuona?" akaniuliza.

"Mhariri, watu wote wanasema."

"Sikuulizi watu wote. Umemuona?"

Sikuwa nimemuona. Habari haikusomwa, na mchana kutwa tulipigiwa simu za matusi kwamba tumenunuliwa. Jioni marehemu alipanda ngazi mwenyewe, bandeji kichwani, akiomba tumtangazie kwamba yu hai, kwa sababu dada yake Mbagala ameshaanza kupokea rambirambi. Fundi mitambo alicheka mpaka akakaa chini. Mhariri hakucheka. Alikuwa amejishika kifua anasema, "Mngenifanya nimuue mtu. Mngenifanya nimuue mtu."

Pamoja na woga wote huo alikuwa na sheria moja ambayo hatukuweza kuipinda. Habari yenye hatari alisoma yeye. Hata kama umeitafuta wewe, umelala nayo, umeiandika mpaka ikanyooka, siku ya kuisoma alikunyang'anya karatasi. "Nyie bado mna wazazi wa kuwalilia," alisema. "Mimi wangu wameshapumzika." Kisha aliomba maji, akanywa, nusu yakamwagika, akaingia studio.

Sasa niseme tulivyokuwa tunaishi. Matangazo ya biashara hayakutosha hata kulipia umeme. Hapo zamani tulipata ufadhili wa mashirika ya nje, na kila shirika lilikuja na semina yake hotelini, na neno lake jipya ambalo sisi tulilazimika kulitia kwenye kila ripoti. Mwaka mmoja lilikuwa uendelevu, mwaka mwingine ushirikishwaji. Walipiga picha, wakaondoka. Waliotubeba miaka ile ya mwisho walikuwa watu wa palepale: wakfu wa familia moja ya wafanyabiashara wenye asili ya Uarabuni, walioanza na vitambaa na kuishia na majumba. Mzee wao alikuwa ametenga kodi za baadhi ya nyumba zake kwa ajili ya mambo ya watu wote. Kodi hizo zililipia madrasa, zahanati na visima. Na sisi.

Nilikuwepo siku anaulizwa na wageni kwa nini redio. Mzee alivuta tasbihi yake kidogo, akasema, "Visima nimechimba vingi. Nataka sasa pawe na mtu wa kuniambia kipi kimekauka."

Mhariri alimpenda kwa neno lile, na kuanzia siku hiyo akawa anamuogopa. Nilimuuliza kwa nini, maana wa nje hakuwaogopa hivyo. Akasema, "Wa mbali akikasirika ataandika barua pepe. Wa karibu akikasirika atapanda ngazi."

Kila asubuhi, kabla ya bei za sokoni, tulisema kwamba matangazo yetu yanawezeshwa na wakfu ule. Tulilisema mara moja tu, bila madoido. "Anayetulipa tunamtaja," alituambia, "hatumsifu." Idi moja wakfu walituletea sinia la halua, na kanzu mpya kwa wanaume. Kanzu alizirudisha siku ileile, zikiwa bado kwenye nailoni, na salamu za heshima. Halua alishindwa kuirudisha kwa sababu fundi mitambo alishaifungua, na Mhariri mwenyewe, baada ya kufoka, alikula kuliko sisi sote. Kesho yake akanituma Ilala nikaangalie kisima kimoja cha wakfu ambacho pampu yake ilikuwa imekufa. Nilirudi na sauti za kina mama wakilalamika. Akazirusha zote, mkono mmoja juu ya kitufe, mkono mmoja kichwani. Pampu ilitengenezwa wiki ileile, na Mzee hakusema lolote. Nadhani hapo ndipo sote tuliposahau kuogopa, isipokuwa yeye.

Habari ya jengo ililetwa na mama mmoja muuza vitenge, Mama Zuhura, msikilizaji wetu wa siku nyingi. Alipiga simu wakati wa kipindi, fundi mitambo alipotaka kumuingiza hewani akakataa. Alitaka Mhariri, na alitaka asisikike na mtu. Mhariri aliweka simu sikioni. Kadiri alivyosikiliza alizidi kusogea ukutani, mpaka mgongo wake ukagusa.

Mama Zuhura alikuwa amepanga fremu ya duka kwenye jengo refu, mtaa wa pili kutoka kwetu. Kwa wiki kadhaa mafundi walikuwa wanachimba chini ya jengo hilo ili kupata fremu nyingine za chini kwa chini, huku juu watu wanauza kama kawaida. Mlango wa duka lake ulikuwa haufungi tena. Wapangaji walikuwa wanajua, lakini aliyeuliza aliambiwa kama anaona pabaya ahame, kuna mia wanaotaka nafasi yake. Ukimpata mpangaji wa Kariakoo anayeweza kujibu neno hilo, nionyeshe.

Tulikwenda mimi na Mhariri, tukijifanya wateja. Kwa nje jengo lilikuwa zuri, vioo vya bluu, limejaa watu kama siku zote. Makuli walipanda na marobota kichwani wakipiga kelele tupishe. Mama Zuhura alitutandikia vitenge mezani, akisema kwa sauti kubwa, "Hii ni wax yenyewe dada, shika uone," na kwa sauti ndogo, "Tazama chini." Akakiweka kigurudumu cha uzi sakafuni. Kilisimama kidogo kama kinachofikiri, kisha kikaondoka chenyewe mpaka ukutani. Kwenye ukuta ule palikuwa na kalenda kubwa. Mhariri aliinua pembe ya kalenda kwa kidole. Nyuma yake palikuwa na ufa ambao kiganja changu kingeingia kwa ubavu. Ulikuwa umejazwa magazeti na kupakwa rangi.

Chini ya miguu yetu kitu kilikuwa kinagonga. Hakikuwa na kelele, ila kilipanda kwenye nyayo.

Mhariri alinishika mkono. "Tutoke," alisema. "Tutoke, tutoke." Tulipofika barabarani alitaka kukimbia, akakumbuka Mama Zuhura bado yuko ndani, akasimama katikati ya mikokoteni anatukanwa na wasukumaji, hajui aende mbele au arudi.

Kisha nikamwambia jambo ambalo nadhani alikwishalijua. Jengo lile lilikuwa la familia ya wakfu. Lilikuwa linasimamiwa na mpwa wa Mzee.

Siku mbili tatu zilizofuata Mhariri hakulala. Aliuliza maswali yake kwa kila mtu: nani mwingine amesema, ameona au ameambiwa. Tulimpata fundi aliyeacha kazi kwenye lile shimo kwa hofu, tukampata dereva aliyebeba udongo. Tulimpata mhandisi mmoja mstaafu aliyesimama ng'ambo ya barabara, akatazama, akasema hawezi kuapa mpaka apime, lakini yeye hawezi kumruhusu mkewe aingie mle. Tuliuliza ofisi zinazohusika. Zilisema zitafuatilia. Mhariri akasema, "Kabla ya kusoma lazima nimuulize mwenye nyumba." Fundi mitambo akamwambia, "Mama, ukimuuliza hutasoma." Akajibu, "Nisipomuuliza sitakuwa nimesoma habari, nitakuwa nimesengenya."

Mzee alitupokea nyumbani kwake, sebule ya zamani yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vyeupe. Binti yake mkubwa, mama wa watu wazima, alituletea kahawa akakaa pembeni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Redio hawajambo?"

"Hawajambo, Mzee." Kikombe kilikuwa bado kimejaa. Akakiweka chini. Akaeleza yote bila kupamba: kigurudumu cha uzi, kalenda, sakafu inayogonga chini ya nyayo. Hakumtaja Mama Zuhura.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Umekuja kuniomba ruhusa?"

"Hapana, Mzee. Nimekuja kuomba jibu. Nikisoma kesho, watu watauliza wenye nyumba wamesemaje."

"Unajua kamati ya wakfu ina nani?"

"Najua. Mpwa wako yumo."

"Na unajua mwezi ujao wanakaa kutazama ufadhili wenu."

"Najua, Mzee."

"Huogopi?"

Nilidhani Mhariri atasema neno kubwa. Alisema, "Naogopa sana, Mzee. Tangu juzi sijala. Lakini wale watu wamo mle ndani sasa hivi, tunavyozungumza."

Tasbihi ilisimama. Binti wa Mzee alikuwa anatazama mikono yake. Mzee akasema polepole, kama mtu anayempa mwandishi imla: "Sema mwenye nyumba aliulizwa, akasema hajui. Sema hivyo. Ndiyo kweli."

Asubuhi yake Mhariri aliisoma baada ya bei za vitunguu. Ilikuwa habari fupi. Alisema kilichoonekana na nani amekiona, akasema ofisi gani zimeulizwa na zimejibu nini. Akasema jengo ni la familia inayofadhili redio hii, na kwamba mwenye nyumba aliulizwa, akasema hajui. Sauti ilitetemeka tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Mtaani, ambako kila duka lilikuwa limewasha redio yetu, ukimya ulishuka kiasi cha kusikia sufuria zikigongana chini.

Kabla ya adhuhuri wanaume wawili walikuja wakakaa kwenye ngazi zetu. Walikuwa wanakula karanga. Kila aliyetaka kupita ilibidi ainue mguu awaruke, nao walimtazama usoni kama wanaomkariri. Mimi nilipita nikiwa na mkojo mlangoni, na sioni haya kusema. Mhariri hakuthubutu kutoka. Tukajifungia, fundi mitambo akasogeza kabati nyuma ya mlango.

Mchana mlango uligongwa, tukasogeza kabati, tukafungua. Alikuwa mpwa wa Mzee, peke yake, shati limepigwa pasi, manukato yake yakatangulia kuingia. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Dada," alimwambia Mhariri, "unajua watu wangapi umewavurugia riziki leo?"

"Kaka yangu, karibu ukae," akasema Mhariri. Alikuwa ameshika meza kwa mikono yote miwili. "Nakuwashia maiki hapa. Sema jengo ni zima. Sema nani amelipima. Nitarusha yote, sikati hata neno."

Yule bwana alikitazama kipaza sauti. Nilimuona akirudi hatua moja nyuma. Nikaona, kwa mara ya kwanza, kwamba na yeye alikuwa anaogopa, na kwamba hakujua bado anaogopa nini.

"Mimi si mtu wa redio," akasema, akageuka, akatoka. Wale wa ngazini wakaondoka naye.

Wahandisi wa manispaa walikuja keshoye na utepe wao. Jengo likafungwa. Wapangaji walitoa mali zao kwa makelele na machozi, marobota yakarundikana barabarani, vibaka wakapata siku. Tukangoja. Ni aibu kulisema, lakini tulikuwa tunangoja lianguke, tupu, lisimdhuru mtu, ili tu ijulikane. Halikuanguka. Limesimama tu, vioo vya bluu, siku baada ya siku, na kila siku liliyosimama ilitushitaki. Mtaani pakazuka msemo wa kumtania Mhariri akipita: "Mama, liko wapi lililoanguka?" Makuli walisema, wauza miwani walisema. Mama Zuhura mwenyewe, ambaye sasa alikuwa anauza vitenge vyake kwenye turubai juani, alimuona akaangalia pembeni.

Baada ya muda likatoka tangazo kwamba nguzo zimeongezewa nguvu. Likafunguliwa. Lile shimo likawa fremu za chini kwa chini, zenye taa nyeupe na feni. Je, lilikuwa linaanguka siku ile tuliposema? Sijui. Mpaka leo sijui. Mhandisi wetu mstaafu alisema huenda wasingezigusa nguzo bila ile habari. Huenda. Huwezi kumlisha mtu huenda.

Kamati ya wakfu ilikaa. Tuliambiwa kwa maneno mazuri kwamba wakfu umebadili vipaumbele. Mzee, tulisikia, alikuwepo kwenye kikao na hakusema kitu. Tukawaandikia wa nje. Wakatujibu kwamba wanathamini sana kazi yetu, ila mwaka huu wanaangalia vyombo vikubwa zaidi. Mhariri alitulipa mpaka alipoweza. Siku ya mwisho alisoma bei za sokoni, akasoma tangazo la mtoto wa kiume aliyevaa jezi ya njano, akangoja mpaka babu yake akaja kumchukua. Kisha akamwambia fundi mitambo, "Zima." Fundi, mtu wa waya na gundi, akashindwa. Akazima Mhariri mwenyewe, akaiomba mashine radhi.

Baadaye tulitawanyika. Mimi niko kwenye duka la mtandaoni la ndugu yangu, naandika maelezo ya viatu. Yeye nilisikia anasomesha watoto Kiswahili nyumbani kwa watu. Tulikuwa tunatumiana salamu za sikukuu. Kuonana hatukuonana, mpaka Mzee alipofariki.

Nilikwenda msibani siku ya hitima. Turubai lilikuwa limefungwa mtaa mzima, wanaume nje, wanawake ndani. Nilikuta Mhariri amesimama ng'ambo ya barabara, buibui jeusi, amebeba mkoba kifuani. Amekonda. Alikuwa amesimama pale, akaniambia baadaye, tangu kabla ya kisomo kuanza.

"Shikamoo, Mhariri."

"Marahaba." Akaninong'oneza, "Wakinitoa mbele za watu nitafanyaje?"

"Tutaondoka."

"Haya," akasema. "Twende kabla sijabadili mawazo."

Tuliingia upande wetu, wa wanawake. Kina mama walikuwa wamekaa kwenye mikeka mpaka koridoni. Mmoja alimtambua, akamgusa mwenzake, na ule mnong'ono ukatutangulia kama maji yanayotambaa sakafuni. Tulipofika sebuleni walikuwa wamenyamaza wote. Binti mkubwa wa Mzee aliinua uso. Alikuwa amezeeka sana tangu siku ile ya kahawa.

"Wewe ndiye wa redio," akasema.

"Ndiye mimi. Poleni sana, bibie. Nimekuja kumuombea Mzee. Nikiwa nawakera nitaondoka."

Yule mama alisogea, akapiga mkeka kwa kiganja, hapa. Mhariri akakaa kando yake, nami nyuma yao. Akapewa juzuu kama wengine, akasoma na wengine. Nilikuwa naona mabega yake tu.

Wakati wa kugawa chai, watu wakiwa wamesimama kupitisha masinia, binti wa Mzee aliinama mpaka mtandio wake ukagusana na wa Mhariri. Nilisikia kwa sababu nilikuwa nimeminywa hapohapo.

"Nikuulize kitu. Lile jengo. Sasa ni zima?"

Mhariri alimgeukia. "Mbona unaniuliza mimi?"

"Wanangu wawili wana duka kule chini. Mjomba wao, yule mpwa wa baba, anasema kila kitu kimepimwa. Kila nikimuuliza ananicheka. Lakini mkubwa ameniambia juma lililopita kuna maji yanatoka kwenye sakafu, na hajui yanatoka wapi. Wamepaka saruji. Yakatokea pengine."

"Umewaambia wahandisi?"

"Nitamwambia nani, na nitasema mimi ni nani? Ni nyumba ya kwetu." Alifuta uso kwa mtandio. "Zamani ningekupigia simu wewe."

Nilidhani Mhariri atamlaumu, na Mungu anajua alikuwa na haki. Alimshika mkono.

"Bibie, mimi sikujua siku ile, na sijui leo. Sijui kitu kuhusu nondo wala saruji. Niliogopa tu, na nikaona wenzangu mle ndani wanaogopa, basi nikasema. Wewe unaogopa?"

"Naogopa."

"Watoto wako wapi?"

"Wanafungua leo mchana. Siku tatu zimekwisha, wanasema wateja watahama."

Nje mashekhe walikuwa wanamalizia dua, na watu wote wakaitikia amina kwa pamoja, sauti ikapita kwenye madirisha. Binti wa Mzee alitoa simu kwenye mkunjo wa kanga yake. Akakosea namba, akaanza upya.

"Mko wapi?" akasema. "Mmeshafungua? ... Fungeni. ... Sikiliza, fungeni, tokeni wote, na majirani waambieni watoke. ... Hapana, hakuna aliyesema. Nasema mimi." Alisikiliza. Nilisikia sauti ya kijana ikibisha, ikicheka kidogo. "Mpaka nitakapokwambia. ... Mjomba wako mwambie ni mimi. Mwambie aje hapa aniulize mimi."

Akaikata. Akabaki ameishika mbele yake, anaitazama, na Mhariri bado amemshika ule mkono mwingine. Simu ikaanza kuita. Jina lilionekana kwenye kioo, na sote watatu tuliliona ni la nani. Aliiacha iite mara ya kwanza. Ilipoita tena alivuta pumzi, akapokea.